Beseni la Nukta Tatu

Kwa mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti za wanawake nisiowajua na kuziandika. Nilikuwa nimeacha kufundisha shule ya msingi, nikabaki mtaa wa Kapata, katika moja ya zile nyumba za kampuni zinazofanana mpaka mgeni hugonga kwa jirani. Mwandiko wangu unasomeka, na sichoki kurudia sentensi moja mara nne. Kwa sababu hizo mbili, wasichana wa kikundi kimoja cha kutetea haki za wanawake mjini Kolwezi walinipa simu ya pili, kisikilizio cha kuvaa masikioni na daftari kubwa. Wanawake walituma ujumbe wa sauti. Mimi niliuandika kwa Kiswahili upande wa kushoto na kwa Kifaransa upande wa kulia, kwa ajili ya ripoti zao.

Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, watu wa malori na biashara. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya duka la vitenge la mama yake. Tulikaa juu ya marobota, na mama mwenyewe akawa upande wa mbele akiuza, akisikiliza kila kitu na kujifanya hasikii. Msichana aliniita mama mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimenyooka kuliko chetu cha Katanga, na wateja walimtania kwamba anaongea kama redio.

Mwanzoni nilidhani kazi yao ni kupiga kelele kwenye simu. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba wanafikiri sana kabla ya kutuma chochote, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na daftari langu la pili, dogo, ambalo hakuna aliyeniomba niliandike. Humo niliweka namna wanavyofanya kazi. Kwa mfano, niliandika kwamba maandishi hayafiki mbali kwa sababu wasikilizaji wao wengi hawasomi. Sauti ndiyo inayotembea. Niliandika kwamba hutuma asubuhi, wakati umeme upo na simu zimejaa, kwa sababu kuishi karibu na bwawa la umeme la Nzilo hakujawahi kumhakikishia mtu taa. Na niliandika kuhusu mboga.

Mboga ilikuwa hivi. Wanawake wengi hutumia simu moja na waume zao. Ujumbe ukianza na neno haki, mume husikiliza mpaka mwisho kisha anaanza kuuliza maswali. Kwa hiyo kila ujumbe wa kikundi ulianza na sekunde kumi za mapishi: bamama, ili kalembula iive vizuri, usifunike sufuria mapema. Mume akisikia majani ya viazi, anairudisha simu kwa mwenyewe. Baada ya mboga ndipo sauti ile ile, bila kubadilika, ilipoingia kwenye mirathi, au kipigo, au shule ya wasichana.

"Nani aliwafundisha hivi?" nilimuuliza msichana.

"Hakuna. Baba yangu husikiliza simu ya mama."

Kutoka upande wa mbele wa duka mama yake akasema, "Na siku hizi anajua kupika."

Ujumbe ambao sikuusahau uliingia wakati wa kiangazi, vumbi la malori likiwa limelala juu ya kila jani. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake nilisikia maji na watu wakiitana. Niliuandika neno kwa neno, na ninao bado.

"Mama mwenye kusikiliza, minakusalimia. Mi naoshaka mawe. Kila asubui kapita anaikala ku kamba, anauliza bamama moya moya: mama, leo uko safi? Balume beko pale pale na mifuko, banasikia. Ile desturi ya shimo mi sikatae. Lakini mukwe wangu eko mu ile mustari, bwana ya mutoto yangu. Mi na yeye hatukule sahani moya, hatupitane mu njia moya. Na kapita ananiuliza ile mambo, yeye anasikia. Mi nitaweka uso wangu wapi?"

Msomaji asiye wa huku anahitaji maelezo mawili. La kwanza ni kwamba wachimbaji wetu wengi, vijana waliokuja kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, wanaamini kwamba mwanamke aliye katika siku zake akikaribia shimo, madini hukimbia. Kwa hiyo wanawake hawashuki shimoni. Wao huosha mawe kwenye mabwawa madogo chini ya mlima. Lakini hofu ya shimoni ilikuwa imeteremka polepole hadi kwenye maji, na kapita, yaani msimamizi wa mahali pale, akaanza kumuuliza kila mwanamke kwenye kamba ya kuingilia, mbele ya balume, yaani wanaume, kama yuko safi. Asiye safi arudi nyumbani.

La pili ni kuhusu wakwe. Mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawaangaliani machoni, hawataniani, na wakikutana njiani mmoja hugeuka. Mambo ya mwili wa mmoja hayatajwi mbele ya mwingine kamwe.

Msichana aliusikiliza ujumbe mara tatu. Mara ya tatu alisimama. "Tutengeneze video," alisema. "Swali la kwenye kamba. Hii watu wataielewa."

Siku chache baadaye tulikwenda mabwawani, mimi na yeye, tukijifanya wauza mboga. Yule mama alitupokea bila kutusalimu sana, ili tusionekane wageni wake. Mahali pake palikuwa jiwe bapa upande wa juu, ambapo maji huingia yakiwa bado meupe. Ukiwa chini yake, unaosha kwa tope la wenzako. Jiwe lile lilikuwa la dada yake mkubwa kabla yake, na yeye mwenyewe alikuwa amelikalia miaka sita. Alituambia kwamba kapita ndiye hugawa mahali, na anayekosa kufika siku tatu mfululizo humkuta mwingine amekaa pake.

Kikundi kilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: uso wa mtu hauonyeshwi. Kwa hiyo msichana alipiga picha za mikono tu. Ilikuwa mikono mizuri kuangalia, ikizungusha mawe ndani ya beseni, maji yakitoka mekundu, kisha ya kahawia, mpaka mawe yakabaki na ule ukijani wao. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari dogo. Niliona kwamba kila beseni pale lina alama. Jingine lilikuwa na msalaba wa rangi ya mafuta, jingine uzi uliofungwa kwenye tundu, jingine mchoro wa samaki. La yule mama lilikuwa na nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu, chini ya ukingo. Niliuliza alama ni za nini.

"Ya kutosha fitina, fitina isiingie," alisema. "Beseni zote zinafanana. Tukichanganya mawe, tutapigana."

Niliandika: nukta tatu, zinapendeza. Nikamgusa msichana begani ili azichukue vizuri.

Wakati wa kuikata video, sauti ilibadilishwa ikawa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Maneno yalifupishwa, kwa sababu msichana aliamini kwamba mtu hupitisha kidole baada ya dakika moja. Mkwe aliondolewa. Nilipouliza kwa nini, alinijibu kwa upole. "Mama mwalimu, watu wa mjini watasema hizo ni mila za wazee. Nataka waone haki." Ikabaki mikono, maji, swali la kapita, na mwishoni maneno kuhusu heshima ya mwanamke. Iliwekwa kwenye ukurasa wa kikundi Jumanne asubuhi, ikiwa na sekunde zake kumi za kalembula.

Saa sita mchana simu yangu ya pili iliita. Ilikuwa mara ya kwanza yule mama kupiga badala ya kutuma sauti.

"Mama mwalimu, kapita amenikatalia ku kamba," alisema. "Nilienda kunywa mayi, nikarudia, akaniambia: we mama wa telefoni, fasi yako ni ku nyumba."

"Amejuaje?"

Alishusha sauti. Nadhani alikuwa akinihurumia. "Beseni yangu, mama. Hapa hata batoto banaijua."

Alikuja dukani kesho yake, beseni kichwani. Aliliteremsha juu ya meza ya kukatia vitambaa, nukta tatu zikitutazama.

"Uso yangu njo hii," alisema. "Ile ingine muliificha muzuri. Hii mukaiacha."

Msichana aliomba radhi. Aliomba vizuri, bila kujitetea, na akachukua simu yake. "Naiondoa sasa hivi."

"Mu telefoni ya kapita utaiondoa namna gani?"

Yule mama alikaa kwenye robota, akaniambia nimsikilizishe kwanza sauti yake aliyotuma, yote, kisha video. Nilifanya hivyo kwa utaratibu huo. Alisikiliza akiinamisha kichwa. Video ilipoisha aliuliza, "Mukwe wangu eko wapi?"

"Tulimkata," nilisema.

"Mulikata nyama, mukaacha mufupa." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeangalia kazi ya fundi na kuonyesha mahali palipopinda. "Sasa kule banasema mi natafuta bamama baingie mu shimo. Banasema nitafukuza mawe. Mi sikusema vile. Nilisema paka juu ya mukwe." Neno paka, kwa Kiswahili chetu, maana yake ni tu.

Msichana alikuwa akiigeuza simu mkononi, juu chini, juu chini. "Unataka tufanye nini, mama?"

"Munipige tena video. Na uso."

"Hapana. Hiyo ndiyo sheria yetu. Tukionyesha uso, watakudhuru."

"Bote banajua ni mi," alisema yule mama. "Wenye kufichwa ni paka ninyi."

Kutoka mbele ya duka tukasikia mama wa msichana akicheka, halafu akikohoa ili kukifunika kicheko. Walibishana mpaka mteja wa tatu alipoondoka, na mimi nikaandika hoja za pande zote mbili, moja chini ya nyingine. Nakiri kwamba sikujua nani ana haki. Msichana alikuwa ameona video za wanawake wengine zikigeuzwa kuwa kichekesho na kusambazwa mpaka mwenyewe anahama mtaa. Yule mama alikuwa na jambo moja tu akilini, jiwe lake bapa, na siku mbili zilizobaki kabla ya kuhesabiwa kuwa ameliacha. Mwishowe msichana alikubali, lakini aliomba aanze yeye, kama kawaida.

"Bamama, ili kalembula iive vizuri..."

Yule mama aliinua mkono. "Apana. Mi siko hapa ya kufunza mutu kupika."

"Afadhali," mama wa msichana akasema kutoka kwenye kaunta. "Na huyo asikufundishe. Kalembula yake ina mchanga."

Basi alikaa peke yake, wima, beseni limesimamishwa pembeni yake makusudi, na akasema kwa simu kama anavyosema mtu aliyekuja kwa mwenzake kwa heshima, kiti kimoja mbele ya kingine, akimwita kapita tata, yaani baba.

"Tata kapita, minakusalimia. Ni mi, mwenye beseni ya nukta tatu. Sikutukane na sikatae desturi ya shimo. Weye uko na mama-mukwe kule Sandoa. Siku moya atakuja kukuangalia ku kazi, sababu bibi yako atamuleta. Atapita ku kamba, balume beko. Nani atamuuliza kama eko safi? Ni weye? Mi, mukwe wangu anasikia kila asubui. Ni ile tu minakuuliza, tata. Na fasi yangu."

Ilikuwa ndefu kuliko dakika, na ilikuwa na vituo virefu ambavyo msichana alitaka kuvikata. Hakuvikata. Alitaka kuiweka ukurasani siku ile ile, lakini yule mama alikataa tena. Mabwawani walikuwa na kundi lao la simu, la waoshaji, wachimbaji na wanunuzi, ambamo kapita hutangaza saa za kazi na mvua. Huko ndiko alitaka ipelekwe, si kwingine. "Ifike kwake kwanza. Akikaa kimya, njo mutaweka kila fasi." Nilimwona msichana akilifikiria hilo. Kila tulichotuma kabla ya hapo kilikuwa kimeelekezwa kwa watu wote, yaani kwa mtu yeyote atakayetokea. Huu ulikuwa ujumbe wa kwanza wenye mlango mmoja wa kugonga.

Niliingizwa kwenye lile kundi kama binamu yake, na kwa siku mbili nilifuatilia kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Mwanzoni kimya. Kisha jambo dogo ambalo ningelipita kama nisingekuwa na tabia ya kuandika kila kitu: simu ilionyesha kwamba mtu mmoja ameondoka kwenye kundi. Niliuliza ni nani. Alikuwa mkwe. Nilihofia amekasirika, mpaka binti wa yule mama aliponieleza kwa simu, akishangaa kwamba sikuelewa.

"Mama mwalimu, atabakia namna gani mu kikundi fasi mama-mukwe anasema ile mambo? Alitoka na heshima. Ni sawa na kutoka mu nyumba."

Baadaye wachimbaji wakaamka. Walituma sauti fupi fupi, na kile kicheko walichowacheka nacho wanawake kwenye kamba kilikuwa kimebadili njia. Sasa walimgeukia kapita.

"Kapita, mama-mukwe anafika siku gani? Tumutandikie kamba mupya?"

"Kapita, unanyamaza. Leo uko safi?"

"Muache tata. Eko anaandikia Sandoa barua."

Katikati ya vicheko hivyo ilikuja sauti moja ya mtu mzima, nzito, isiyo na mzaha. "Mi pia niko na mukwe anaosha pale. Sikukuwa najua namna ya kuisema. Ile mambo haiko muzuri." Baada yake watu waliacha kutania. Niliisikiliza mara nne kama kazi yangu inavyonitaka, ingawa niliielewa mara ya kwanza.

Siku ya tatu, asubuhi, kapita alijibu. Alisema haraka, kama anayetangaza mvua. "Bamama, kuanzia leo kuulizana kutafanywa na mama mukubwa, kule nyuma ya mifuko. Balume babakie ku kamba. Kila mutu na fasi yake ya mbele. Nimesema."

Fasi ya mbele ni mahali pa zamani. Yule mama alinitumia ujumbe bila neno lolote ndani yake, sauti ya maji tu, mawe yakizunguka kwenye beseni. Nilishindwa kuuandika, si kushoto wala kulia.

Msichana hakufurahi kama nilivyotarajia. Tulikaa juu ya marobota, akaniuliza, "Tumeshinda nini, mama mwalimu? Bado wanaulizwa. Mwanamke akiwa katika siku zake bado anarudishwa." Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Aliwahi kumwambia pia yule mama kwa simu, naye alimjibu kwa ujumbe wa sauti niliouandika, "Weye utaendelea, mutoto yangu. Mi naenda kuosha." Msichana aliniomba nimsomee jibu hilo kutoka daftarini mara mbili. Kisha akaanza kupanga ujumbe mpya, na safari hii aliniuliza kabla ya kufuta chochote.

Wiki iliyofuata nilikwenda mabwawani peke yangu, kwa udadisi tu. Mifuko ilikuwa imepangwa kama ukuta, na nyuma yake alikaa mama mmoja mzee kwenye kigoda, kilemba kimefungwa vizuri kwa ajili ya cheo chake kipya. Wanawake walipita kwake mmoja mmoja. Kila mmoja aliinama, mzee akanong'ona, naye akajibu. Wengine waliondoka wakicheka. Nilihesabu foleni nzima kwa macho, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Upande wa juu, kwenye jiwe bapa, nukta tatu nyekundu ziliingia majini na kutoka.

Foleni ilipoisha nilimsogelea yule mzee, nikajitambulisha, nikamuuliza anauliza nini hasa.

Alinitazama mikono kwanza, kama nina simu. "Minabaulizaka kama batoto balilala muzuri," alisema.

"Hilo tu, mama?"

"Njo hilo. Kama mutoto eko na homa, mama abakie naye." Akanishika kidole. "Lakini hii haiko ya kutia mu telefoni."

Leo mabwawa yale yamezungushiwa uzio, mzee amerudi kwao na kamba haipo tena, ndiyo maana nathubutu kuliandika jibu lake. Siku ile nilirudi Kapata kwa miguu, nikakaa mlangoni, nikafungua daftari dogo. Simu iliita. Alikuwa msichana, akiandaa ripoti yake ya mwezi, na alitaka kuhakikisha sentensi moja.

"Mama mwalimu, ulikwenda? Bado wanaulizwa?"

"Ndiyo," nilisema. "Wanaulizwa kila asubuhi."